Mwendo wa Kofia

Katika nyumba ya Bi Kabari, mtu akishindwa kitendawili hatoi mji. Miji iliwaishia zamani, enzi nyumba imejaa watoto wanne na baba yao, kila jioni wanagawana dunia mpaka ikabaki bahari tupu. Siku hizi wamebaki wawili, mama na kitinda mimba wake, na anayeshindwa hutoa chumba. Hadi asubuhi ile Bi Kabari alikuwa anamiliki ukumbi, stoo, choo na nusu ya jiko.

"Nusu ya mlangoni bado ni yangu," alisema Kitinda, akijibana na kitabu chake kwenye kona ya meza. "Usinimwagie maji upande wangu."

"Kaa kwa adabu, mpangaji. Nikikasirika nitakutegea kingine ukalale nje na kuku."

Kitinda alicheka bila kuinua macho. Alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na tisa, mabega mapana kama ya marehemu baba yake, ameshavaa ovaroli ya kazini, bado viatu tu. Mwezi ujao alikuwa na mtihani. Akifaulu ataacha kupiga goti relini, atapanda juu kwenye kichwa cha treni akawe msaidizi wa dereva. Ndiyo maana kila asubuhi, kabla ya kazi, alikuwa anasoma fizikia kwa sauti, na mama yake anasikiliza huku anachambua maharage.

Jina la Bi Kabari lilitokana na kazi. Miaka thelathini na mmoja alikuwa mtia kabari katika yadi ya reli nyuma ya kinu cha unga, na alipostaafu, Kitinda akairithi nafasi. Kazi yenyewe ukisimuliwa utaiona ndogo. Behewa linasukumwa, linaachiwa, linakwenda polepole kugonga jingine lililosimama. Ndoana zao zinang'atana zenyewe, yanasogea pamoja kidogo, yanalala. Hapo mtia kabari, aliyepiga goti mbele ya lile lililokuwa limesimama, katikati ya reli, anaingiza vipande viwili vya mti mgumu chini ya magurudumu, kimoja kulia, kimoja kushoto, yasiamke tena. Kabari haiwekwi mapema. Behewa lililosimama lisipopata nafasi ya kusogea, ndoana huvunjika. Inawekwa gurudumu linapokwenda kulala, kama unavyomfunika mtoto shuka.

Mkono wa kushoto wa Bi Kabari ulikuwa na vidole vitatu. Siku moja, miaka mingi nyuma, behewa lilichelewa kulala.

"Haya, sikiliza hili," alisema Kitinda. "Behewa la tani kumi na tano linakwenda mita moja na nusu kwa sekunde. Linagonga behewa la tani sitini lililosimama. Yanashikana. Yatakwenda kwa kasi gani?"

"Mita moja na nusu kwa sekunde ndiyo nini? Nioneshe kwa miguu, mimi si kitabu."

Kitinda akasimama pekupeku, akapima sakafu kwa macho, akatembea kutoka ukutani hadi mlangoni huku akihesabu. Akafika, akageuka, uso umemchanua. "Mama! Huu si mwendo wa kofia?"

Na kweli ulikuwa ni ule. Katika yadi yao hapakuwa na chombo cha kupimia kasi. Palikuwa na kofia. Mtu mmoja alitembea pembeni ya behewa linalokwenda, amevaa kofia bila kuishika. Ikikaa sawa kichwani, mwendo ni mzuri. Ikianza kucheza, yaani mtu ameanza kukimbia, anapuliza filimbi na breki inakazwa. Sheria hiyo iliwekwa na watu ambao sasa hata makaburi yao hayajulikani, na haikuwahi kuandikwa popote.

"Basi kitabu chako kimesoma yadini kwetu," alisema Bi Kabari. "Endelea."

"Kuna kitu kinaitwa momentamu. Ni uzito mara mwendo."

"Mzigo wa mwendo."

"Haya, mzigo wa mwendo. Sheria inasema vitu vikigongana, mzigo huo haupotei. Ulioingia ndio uliobaki, ila sasa wanabeba wawili. Kumi na tano mara moja na nusu ni ishirini na mbili na nusu. Unagawa kwa tani zote, sabini na tano." Kalamu ikakwaruza. "Sifuri nukta tatu. Mwendo wa konokono."

"Konokono mwenye haraka," alisema mama. "Hivyo ndivyo yanavyokwenda, urefu wa mkono mmoja tu yamelala. Kitendawili!"

"Tega."

"Mgeni mwepesi kamgonga mwenyeji mzito. Wakashikana mikono, hawakufika mlangoni."

"Ah, mama, hicho jibu lake nimeliandika hapa. Hupati chumba."

Akafunua ukurasa wa pili. Hesabu ilikuwa ile ile, ila imegeuzwa. Behewa la tani sitini ndilo linalokuja, la tani kumi na tano ndilo lililosimama. Kitinda akaandika haraka, maana alikuwa ameshaonja utamu. Sitini mara moja na nusu, tisini. Tisini kwa sabini na tano, moja nukta mbili. Akachungulia majibu nyuma ya kitabu, akapiga alama ya vema kubwa mpaka karatasi ikatoboka.

"Sahihi zote mbili! Nani kama mimi?"

"Kuku wako tu," alisema Bi Kabari, na kwa mazoea ulimi ukatangulia. "Mgeni mzito kamgonga mwenyeji mwepesi. Wakashikana mikono, wakatoka na ukuta."

Alipokwisha kusema, maneno yale hayakumkaa vizuri mdomoni. Yalimwachia ladha kama ya chuma. Akatazama nje. Kulikuwa na ukimya ambao hakuuelewa mpaka alipotega sikio: kinu hakikuwa kinanguruma. Tangu ahamie mtaa ule akiwa bibi harusi, alikuwa hajaamka asubuhi moja bila mngurumo huo chini ya nyayo.

"Kinu kimekufa?"

"Hakijafa, kinasubiri chakula," alisema Kitinda, akifunga kamba za viatu. "Si nilikwambia? Mashamba ya huku hayatoshi tena. Kuanzia leo ngano inakuja kwa reli. Treni ya kwanza inaingia mchana, mabehewa sita yetu, mengine sita ya yadi ya mbele."

"Na wewe?"

"Mimi nini? Kazi ni ile ile, mama. Mwendo ule ule, kabari zile zile." Akambusu kwenye paji la uso, akaacha daftari juu ya meza, akaondoka akipiga mluzi.

Bi Kabari akaanza kudeki jiko. Akamwaga maji ya sabuni, upande wake na upande wa mpangaji. Maharage yalikuwa motoni, ndoo ya maji imesimama katikati, sufuria tupu karibu na mlango. Alitaka sufuria isogee, kiuno kikamkatalia kuinama, akaisukuma kwa mguu. Ikateleza kwenye povu, ikagonga ndoo, ngaa, ikatulia hapo hapo. Ndoo haikutikisika hata maji yake.

Akacheka peke yake. "Mgeni mwepesi," alisema.

Akadeki pale, kisha akataka ndoo iondoke. Akaisukuma kwa mguu huo huo, kwa nguvu kubwa zaidi maana ilikuwa nzito, lakini polepole, kwa mwendo ule ule. Ndoo ikateleza, ikakutana na sufuria. Sufuria ikaruka kama imetukanwa. Ikapita kizingiti, ikashuka ngazi mbili, ikaenda kujibamiza kwenye ukuta wa banda la kuku, na ndoo nyuma yake ikawa bado inakwenda, inakwenda, mpaka ikagonga kizingiti na kumwaga nusu ya maji.

Kuku walipiga kelele. Bi Kabari alisimama na ufagio mkononi, na vidole vyake viwili visivyokuwapo vikaanza kuwasha.

Miaka thelathini na mmoja kinu kilikuwa kinatoa unga. Mabehewa yaliyosimama kwenye njia ya kinu yalikuwa yamepakiwa, yamejaa, yanasubiri kuondoka. Yaliyokuja kuyagonga yalikuwa matupu. Kila siku. Hakuna aliyewahi kupiga goti pale mambo yakiwa kinyume, kwa hiyo hakuna aliyewahi kujua. Waliona mwendo wa kofia ni salama, wakadhani usalama uko kwenye kofia.

Na leo kinu kinapokea. Anayekuja amejaa. Anayesimama ni mtupu.

Akazima moto. Saa ya ukutani ilisema saa sita kasorobo. Kabari yake ya zamani, ile aliyopewa siku ya kustaafu, alikuwa anaizuilia mlango wa stoo. Akaichomoa, akachukua daftari, akatoka hata khanga hajaifunga vizuri. Mlango wa stoo ukajifunga wenyewe nyuma yake, taratibu, kwa mlio mrefu.

Kutoka nyumbani hadi yadi ni mwendo wa nusu saa kwa mtu mwenye magoti. Bi Kabari magoti yake aliyaacha relini. Alipofika kona ya bohari alisikia treni ikiingia, na hakuhitaji kuiona. Behewa tupu huimba kwenye maungio ya reli, tanga-tanga, tanga-tanga, kama masufuria ya harusi. Haya hayakuimba. Yalikanyaga. Kila ungio lilitoa sauti moja nene, na vumbi la ukuta wa bohari likawa linachuruzika chembe chembe.

Mlinzi wa lango alimpokea kwa meno yote. "Bi Kabari! Umesahau kuwa umestaafu, au uzee umekurudisha kazini?"

"Uzee hauna kazi, mwanangu, ndiyo maana unazurura. Nifungulie."

"Umebeba nini hicho?"

"Mahari yako. Fungua!"

Aliyafikia mabehewa treni ikiwa imeshakata sita ya kinu na kuondoka na sita ya yadi ya mbele. Alama yake ilikuwa moshi tu kule kwenye kona. Kichwa kidogo cha yadi kilikuwa kinajiandaa nyuma ya behewa la kwanza, limejaa ngano mpaka springi zimelala. Na kwenye njia ya kinu, behewa tupu limesimama peke yake, milango wazi pande zote mbili, mwanga unapita katikati.

Mbele ya behewa hilo ndipo palipokuwa mahali pa mtia kabari. Watu wa yadi walipaita sandukuni. Kulia kuna ukuta wa kinu, kushoto jukwaa la kupakilia linalokufika kifuani, na mbele, hatua nne tu, kizuizi cha zege ambapo reli inaishia. Bi Kabari alikuwa amepiga goti humo miaka yote ile na hakuwahi kupaona. Sasa alipaona. Paliachwa wazi upande mmoja tu, upande ambao behewa linakuja.

Kitinda alikuwa ameshashuka humo, glovu mkononi, kabari mbili miguuni.

"Kitinda! Toka humo!"

Wapakizi waliokaa jukwaani wakageuka. Kitinda akaona haya. "Mama, unaniaibisha. Watu wako kazini."

Nyapara akaja, akiwa amevaa kofia yake nyeupe iliyopigwa pasi. Alikuwa mdogo wake marehemu mume wa Bi Kabari, mtu wa maneno mengi na moyo si mbaya. "Shemeji, karibu! Umetuletea chakula?"

"Nimekuletea hesabu, shemeji. Leo usisukume behewa hilo mtu akiwa sandukuni."

"Hesabu!" Nyapara akawageukia wapakizi. "Jamani, shemeji yangu amesoma. Darasa la saba la mwaka gani, shemeji? Nyie si mlikuwa mnaandika kwenye mchanga?"

"Tuliandika kwenye mchanga, na upepo ulikuwa mwalimu mkali kuliko wewe. Linalokuja limejaa, shemeji. Lililosimama ni tupu."

"Mwendo ni wa kofia. Nitatembea mwenyewe. Kofia hii haijawahi kuua mtu."

Bi Kabari akainua mkono wa kushoto, vidole vitatu. "Na hivi?"

"Hivyo vilikuwa haraka ya mtu mmoja. Kofia yake ilicheza, hakupuliza filimbi. Hata wale wa yadi ya mbele niliwafundisha mimi kwa mkono huu, mwaka wa nane sasa, hawajaumiza hata paka. Kwa kofia hii hii."

Wapakizi walicheka. Kichwa cha yadi kilipumua nyuma ya behewa lililojaa. Bi Kabari aliona kwamba maneno yake hayamfiki shemeji yake, yanamgonga yanatulia hapo hapo, kama sufuria na ndoo. Kwa hiyo akamwacha. Akasogea ukingoni mwa jukwaa, akainama kadiri kiuno kilivyomruhusu.

"Kitinda. Mwanangu. Kitendawili."

"Mama, sasa hivi?"

"Sasa hivi. Mgeni wa leo ni nani? Na mwenyeji wa leo ni nani?"

Kitinda alifungua mdomo ajibu kwa utani. Akalitazama behewa lililojaa. Akageuka akalitazama lililosimama, mwanga unapita tumboni mwake. Midomo yake ikaanza kucheza bila sauti, kama asubuhi mezani, na mama yake aliweza kuisoma: tisini. Sabini na tano. Moja nukta mbili.

Akavua glovu.

"Baba mdogo," alisema, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Kwa kawaida, likigongwa, linasogea kiasi gani?"

"Mkono mmoja. Unajua wewe."

"Mwendo wa leo baada ya kugonga ni mara nne ya ule. Uzito wa yote mawili ni ule ule, na breki ya mkono ni ile ile. Lakini mwendo ukiwa mara nne, mpaka kitu kisimame safari yake inakuwa mara nne kwa nne. Mikono kumi na sita." Alipima kwa macho kutoka magurudumu hadi kwenye zege. "Hapa ipo saba."

Mpakizi mmoja alishusha miguu yake iliyokuwa inaning'inia sandukuni, kisha akaipandisha taratibu.

"Hayo ni ya kitabuni," alisema Nyapara.

"Ndiyo, baba mdogo. Na mimi natoka." Akajivuta juu ya jukwaa, akasimama kando ya mama yake.

Nyapara alitazama watu wake. Alikuwa na mabehewa sita, kinu kinachosubiri kula, na macho kumi na mawili juu yake. Gurudumu lisilo na kabari lilikuwa kosa la kufukuzwa kazi. Hilo nalo halikuandikwa popote. "Sawa," alisema. "Mtia kabari amekataa. Nitapiga goti mwenyewe. Nilianza kazi humo kabla hujazaliwa." Akavua kofia yake nyeupe, akamwita Mrefu, kijana wa watu aliyekuwa akipenda kunyamaza, akamvika kichwani. "Tembea kama ninavyotembea. Usiishike."

"Shemeji, usinifanye nimzike na mdogo wa mume wangu."

"Utanizika kwa uzee, shemeji. Kwa kicheko."

Bi Kabari alitaka kumshika, lakini mtu mzima hashikwi kama mtoto mbele ya watu wake. Akaona kamba ya kufungia maturubai imelala jukwaani. "Basi nipe hili moja tu," alisema. "Jifunge hii kiunoni. Isipokuwa na kazi, nitakupikia wiki nzima na nitawaambia watu mtaa mzima kwamba nilikuwa mjinga."

"Mnanifunga kama mbuzi!"

"Mbuzi haongei sana hivyo. Jifunge."

Akajifunga, kwa kuwa hata yeye, ingawa asingesema, alikuwa ameusikia ule mlio wa treni ilipoingia. Kitinda akazungusha ncha ya pili kwenye nguzo ya jukwaa, akaishika yeye na wapakizi wawili, na mama yake mwisho, kwa mkono wenye vidole vitatu. Nyapara akapiga goti sandukuni, kabari kulia, kabari kushoto. Kutoka juu, upara wake bila kofia ulionekana mdogo na mweupe kama yai.

Filimbi ikalia.

Kichwa cha yadi kilisukuma, kikaachia. Behewa likaja. Kitu kilichomtisha Bi Kabari ni kwamba halikuwa na haraka. Lilikuja kama mgeni mwenye heshima zake, Mrefu akitembea kando yake kwa hatua zilizopimwa, mikono nyuma, na kofia nyeupe imetulia kichwani mwake kama imepigiliwa misumari. Mwendo mzuri kabisa. Mwendo ambao alikuwa ameupigia goti mara elfu.

Likagonga.

Haukuwa mlio waliouzoea. Ule wa siku zote ulikuwa kofi. Huu ulikuwa mlango wa ghala unaofungwa ardhini. Ndoana zikang'atana. Na lile behewa tupu, lililokuwa siku zote linaguna na kusogea mkono mmoja, likaanza kutembea.

Nyapara aliingiza kabari. Mikono yake ilijua kazi, ikaziingiza zote mbili pale pale zinapotakiwa, na Bi Kabari akaona gurudumu likipanda juu ya mti mgumu, likasita kidogo, likashuka ng'ambo na kuuacha umesagika kama biskuti. Mkono wa pili. Wa tatu. Nyapara akainua uso, na ule uso ulikuwa wa mtu aliyesikia jina lake likiitwa na asiyemjua.

"Vuta!" Kitinda alipiga kelele.

Wakavuta. Nyapara akaja juu kwa ubavu, akikwaruzwa na ukingo wa jukwaa, suruali inachanika, na mguu mmoja ulikuwa bado chini chuma kilipopita. Kisha mguu nao ukaja, bila kiatu. Behewa halikuwatazama. Liliendelea na safari yake, mkono wa tano, wa sita, likafika kwenye zege na kuligonga, na zege likatema vipande ukutani mwa kinu, na madirisha yote ya juu yakalia kwa pamoja.

Vumbi la ngano lilishuka polepole juu ya kila mtu.

Mrefu alikuwa amesimama pale alipofika, mikono bado nyuma, machozi yanamtoka. Kofia ilikuwa imekaa sawa kichwani mwake. Haikutikisika.

Nyapara alikaa jukwaani akishika unyayo wake mtupu, anauminya kidole kimoja kimoja, kama mtu anayehesabu watoto. Bi Kabari akakaa karibu naye. Alimfunika mabega kwa khanga, kwa kuwa mtu mzima alikuwa anatetemeka kwenye jua la saa saba.

"Saba," alisema Nyapara mwishowe. "Yule mtoto alisema saba."

"Alisema kumi na sita, shemeji. Saba ilikuwa nafasi yako."

Akatikisa kichwa. Kisha kichwa kikasimama. Akageuka polepole kuelekea kule kwenye kona, ambako treni iliondoka na mabehewa sita mengine, na hakuna moshi tena uliokuwa ukionekana.

"Yadi ya mbele," alisema. "Nao wanapokea leo. Niliwafundisha mimi."

Kitinda alikuwa ameshaanza kukimbia. Ofisi ya yadi ilikuwa chumba kimoja, meza moja, simu moja nyeusi ya waya. Walipomfikia, mama akiwa anahema na Nyapara akichechemea na kiatu kimoja, alikuwa ameshapiga, amegeuza simu kidogo kutoka sikioni ili wote wasikie. Ilikuwa inaita. Ikaita. Dirishani jua lilikuwa limejaa, na kwenye ukuta saa ya kazini ilikuwa inagonga, na Bi Kabari akagundua kuwa anahesabu pamoja nayo: mkono mmoja, mikono miwili, mikono mitatu.

Simu ikapokelewa. "Haloo, yadi." Sauti ya mwanamke, imechangamka, kuna kelele nyuma yake.

"Nani anapiga goti huko?" alisema Kitinda.

"Nani mwenzangu? Mbona huna hata salamu?"

"Salamu nitakupa baadaye, dada yangu. Nani amepiga goti? Mtoe. Usiniulize, mtoe kwanza."

"Mbona unani..."

Nyapara akaikamata simu kwa mikono miwili. "Ni mimi! Mwalimu wenu! Mtoe!"

Kikasikika kishindo cha simu ikiangushwa mezani, viatu vinakimbia, mlango. Kisha hakuna kitu. Waya ulikuwa unavuma tu. Kwa mbali, ndani ya mvumo huo, wakasikia filimbi, ya kuanza au ya kusimamisha, hakuna aliyeweza kujua. Nyapara alikuwa amefumba macho. Kitinda alikuwa ameshika mkono wa mama yake, ule wenye vidole vitatu, ameushika sana.

Viatu vikarudi. Simu ikainuliwa, na yule mwanamke alikuwa anahema.

"Tumemtoa. Amekasirika huyo, anasema mmemharibia kazi. Kwani kuna ni..."

Hapo nyuma ya sauti yake, kwa uzito ule ule, wakausikia mlango wa ghala ukifungwa ardhini.